Marashi, Aliyeosha Betri za Tope

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika kituo chetu cha kusafisha majitaka, mwenzetu Marashi anavua buti na kustaafu. Aliingia akiwa kibarua wa kuzibua mitaro, akawa mwendesha pampu, kisha msimamizi wa dawa ya klorini, na anaondoka akiwa fundi mkuu wa matangi ya tope. Hajawahi kupewa onyo la maandishi. Ya mdomo amepewa mengi, na mengine nimempa mimi mwenyewe, kwa sababu maabara yangu ya kupima maji imepakana na bafu la wafanyakazi, na mtu huyu hutumalizia maji ya moto peke yake.

Hilo bafu ndilo lililompa jina. Kila jioni kazi ikiisha anaoga kwa sabuni mbili, ya kufulia kwanza na ya kunukia baadaye, anasugua kucha kwa mswaki uliochakaa, anavaa shati jeupe, tai na viatu vya ngozi, kisha anajimwagia marashi mpaka harufu yake inafika langoni kabla yake. Mlinzi hufungua geti kwa pua. Mgeni akipishana naye hapo nje angedhani ni karani wa benki aliyepotea njia.

Mtaani kwake wanamwita Bwana Umeme. Umeme ukikatika majirani humgongea mlango kuuliza utarudi lini, naye huwajibu kwa uso mkavu kwamba mafundi wako kazini, wawe na subira. Chanzo chake ni siku alipokwenda kuposa. Wazee wa upande wa mke walimuuliza kijana unafanya kazi gani, akasema yuko umeme. Neno likishatoka mbele ya wakwe, utalirudishaje? Mkewe alijua ukweli mapema, maana huwezi kumficha mtu anayekufulia soksi, lakini alinyamaza ili kumsitiri mumewe.

Tusimcheke sana. Aibu ya kazi hii tunaijua sote. Wengi wetu tukiulizwa tunasema "nipo idara ya maji" tukaishia hapo, tukiomba Mungu mtu asiulize maji gani. Tofauti ni kwamba sisi tuliifunika aibu kidogo, yeye akaijengea nyumba na kuhamia.

Miaka minane iliyopita alikuja Mhandisi wetu, mwanamke mwembamba mwenye haraka nyingi, akatukusanya kwenye chumba cha kulia na kutuambia kwamba tope la majitaka linaweza kuzaa umeme. Tulicheka mpaka mpishi akaja kuuliza kuna nini. Mhandisi akasubiri tumalize, kisha akauliza nani atamsaidia. Mkono wa Marashi ulikuwa juu kabla ya swali kuisha. Wakati huo tulidhani anatafuta cheo. Sasa najua kwamba alikuwa amepata, uzeeni, nafasi ya kuugeuza uongo wake kuwa kweli.

Kwa asiyejua, nieleze kwa ufupi. Majitaka yakisafishwa hubaki tope zito, na ndani ya tope hilo wamo bakteria wasiohitaji hewa. Wanakula uchafu, na wakila wanaachia umeme kidogo sana. Ukizamisha humo kitambaa cheusi cha kaboni, wanajibandika juu yake na kuuachia umeme wao hapo. Waya unaupeleka kwenye kitambaa cha pili kinachogusa hewa, na njiani unaweza kuwashia taa. Sisi tunaviita vyombo hivyo betri za tope. Kinachofanya kazi humo ni utando wa ute unaoganda juu ya kitambaa, mweusi, unaoteleza, unaonuka yai viza. Huchukua wiki nyingi kuota. Mhandisi alitusisitizia kwamba utando huo ndio mtambo wenyewe, usiguswe. Tukaitikia kwa vichwa, Marashi akiwa wa kwanza.

Betri ya kwanza ilikuwa ndoo ya rangi iliyopasuka, imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili isivuje. Ilikuwa mbaya kuitazama na harufu yake ilikuwa na nguvu kuliko matangi yote, tukaiita Bibi. Marashi aliilea miezi kadhaa. Alikuwa akiisalimia asubuhi, na bakteria aliwaita wenzake wasiodai likizo. Siku taa ya kwanza ilipowaka, ndogo kama punje ya hindi, alisimama mbele yake. Kisha akaondoka kwenda nyumbani na buti zake na ovaroli yake, hajaoga, hajajipaka kitu. Alifika langoni na mlinzi hakufungua, kwa sababu hakunusa marashi. Hapo ndipo akashtuka, akarudi bafuni mbio. Ndiyo siku pekee niliyowahi kumwona amesahau kuona aibu.

Mwaka uliofuata tulikuwa na betri kumi na mbili za plastiki inayoonyesha ndani, zimepangwa kando ya njia ya matangi na kuunganishwa pamoja. Zilitoa umeme wa kutosha taa moja nzuri. Haukuweza kuchemsha hata kikombe cha chai, na fundi wa pampu hakuacha kutukumbusha hilo, lakini ilikuwa taa, na ilitoka kwenye tope letu. Mkurugenzi akafurahi, akaagiza siku ya wageni. Wangekuja walimu wa shule za jirani kuona, na ikiwapendeza, wafadhili wa mradi wangeongeza fungu la fedha.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo kwa kawaida kijitabu cha kuagana kama hiki hakiiruki tu, bali huifukia. Naiandika kwa ruhusa ya mwenyewe, na nitaeleza kwa nini.

Siku moja kabla ya wageni, tukinywa chai, Mhandisi alitutajia shule zinazokuja. Marashi akaweka kikombe chini. Shule ya mwisho kutajwa ndiyo anayofundisha binti yake, mtoto wake wa pekee. Na mwalimu mkuu wa shule hiyo ndiye mama mzazi wa kijana aliyekuwa amemposa binti huyo. Harusi ilikuwa imekaribia. Mama huyo alijua, kama mtaa mzima ulivyojua, kwamba anaunga undugu na mtu wa umeme.

Marashi alifikiria kujifanya mgonjwa, lakini hakuwa na moyo wa kuzikosa betri zake siku ya kuonyeshwa. Basi akaamua kwamba kama hawana budi kuja, wakute pasafi. Nimemuuliza mara nyingi alikuwa na akili gani mchana ule. Anasema aliyaona macho ya yule mama yakitua kwenye ule ute, kisha yakipanda taratibu mpaka usoni kwake. Hakuweza kuvumilia. Mhandisi alipotoka kwenda kuazima viti, Marashi alitoa vitambaa vyote kumi na viwili, akavisugua kwa brashi na klorini mpaka utando wote ukatoka, akavisuuza mara mbili, akamwaga klorini na ndani ya tope kuua harufu, kisha akavirudisha. Akang'arisha na vyombo vyenyewe kwa kitambaa kikavu. Bibi haikusafishika kwa namna yoyote, kwa hiyo aliibeba na kuificha nyuma ya stoo ya klorini, akaifunika gunia. Taa ilikuwa imezimwa makusudi ili iwashwe mbele ya wageni, kwa hiyo hakuna aliyejua. Alikuwa mtu wa klorini kwa miaka mingi, na mikono yake haikujua namna nyingine ya kupokea wageni.

Walimu walikuja, leso puani. Mhandisi akaeleza vizuri, akahesabu moja, mbili, tatu, akabonyeza swichi. Taa haikuwaka. Akabonyeza tena. Akafungua kifuniko, akavuta kitambaa, akakipangusa tope, chini yake kikawa safi kama kimetoka dukani. Niliuona uso wake ukibadilika.

"Nani ameosha hizi?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

Mkurugenzi akakohoa. Mwalimu mmoja akacheka puani. Na hapo hapo mtu akaita, "Baba!"

Sauti ilikuwa ya furaha. Nilikuwa nimesimama karibu na binti huyo, chupa zangu za sampuli mkononi. Alikuwa amemwona baba yake nyuma ya tangi la pili, kwenye buti na ovaroli, na alikuwa amemshika mwalimu mkuu kiwiko ili amwonyeshe. "Baba, tumekuja!" Watu wote wakageuka kumtazama. Na Marashi naye akageuka. Aligeuka nyuma yake, akautazama ukuta, kama kwamba kuna baba mwingine amesimama pale ndiye anayeitwa. Kisha akatembea, hata hakukimbia, akaingia stoo ya klorini na kurudishia mlango.

Binti akashusha mkono. Akamwambia mwalimu mkuu, "Samahani, Mama. Nimemfananisha."

Mlango wa stoo ni wa bati. Marashi alisikia kila neno.

Nimeona mengi katika kituo hiki, na mengi hayasemeki mezani, lakini siku ile ndiyo nilitamani ardhi ipasuke. Masikio yaliniwaka kwa aibu isiyokuwa yangu. Walimu walipokuwa wakiondoka nilimsindikiza binti mpaka kituo cha basi, nikitafuta la kusema, na yeye ndiye aliyesema. Alijua kazi ya baba yake tangu utotoni. Siku moja mama yake aliugua ghafla, majirani wakamtuma mbio ofisi za umeme akamwite baba, na huko hakuna aliyemjua. Aliporudi mama akamwambia ukweli na kumwomba anyamaze. Akanyamaza miaka yote. Shuleni alisema baba yuko umeme, kwa mchumba akasema baba yuko umeme, na alisema hivyo kumlinda baba, si kujilinda yeye. Mwaliko wa kituo ulipofika shuleni kwao, alifurahi mpaka akalia. Alidhani sasa baba ana jambo la kujivunia. Yeye ndiye aliyemshawishi mwalimu mkuu aje.

"Nilitaka kumtambulisha," akaniambia. "Basi tu."

Nilimfikishia Marashi maneno hayo wiki ile ile, kwa sababu sikuona haki yangu ya kukaa nayo. Aliingia bafuni na kukaa humo mpaka mfagiaji akaja kugonga.

Lakini tusimnyime haki yake. Jioni ile ya wageni alitoka stoo macho mekundu, akasema ni klorini, akaenda moja kwa moja kwa Mhandisi mbele yetu sote. "Nimeosha mimi," akasema. "Niliona aibu." Mhandisi alifungua mdomo kumfokea, halafu akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkurugenzi alikuwa ameshampa mpaka mwisho wa mwezi. Taa isipowaka, mradi ufungwe. Kuotesha utando upya kwenye tope lililokwisha kunywa klorini kungechukua muda mrefu kuliko huo.

"Umeosha zote?"

"Zote, ila Bibi. Ile nimeificha. Haiangaliki."

Sijawahi kumwona msomi akikimbia vile. Walifunua gunia, wakaikuta Bibi inanuka vilevile na sindano ya kipimo chake cha umeme imesimama palepale ilipokuwa, kwa sababu hakuna klorini iliyoigusa. Wakakwangua utando wake kidogo kidogo, wakaugawa kwenye betri kumi na mbili na tope jipya. Wiki zile Marashi hakupaka marashi kabisa. Alihofia hata mvuke wake. Siku mbili kabla ya mwezi kuisha, taa iliwaka.

Kutoka hapo kazi ilikua. Leo taa zote za njia ya matangi na taa ya langoni zinawashwa na betri za tope, pamoja na vipimo vya kina cha maji. Marashi amefundisha mafundi wawili waliopo sasa, na kibao chenye neno USIOSHE kilichoning'inia pale amekiandika kwa mkono wake. Mkurugenzi alitaka kukiondoa, akisema wageni watatuelewa vibaya. Marashi, ambaye hajawahi kubishana na mkubwa, alibishana.

Umeme, basi, aliupata. Uongo wake wa siku ya posa umekuwa kweli na angeweza kuishia hapo akiwa mtu wa furaha. Hajawa. Binti aliolewa, na baba alikaa meza ya mbele na tai yake, akicheka pale wengine walipocheka. Binti ni mtu wa adabu. Huja nyumbani sikukuu, hutoa shikamoo, huuliza hali ya magoti ya baba, hupika na mama yake. Kazi haulizi. Kituoni hapa hajakanyaga tena. Na baba mtu, aliyeweza kukiri mbele yetu sote kosa la betri, hajaweza kukiri mbele ya mtoto mmoja kosa la kugeuka ukutani.

Mwezi uliopita mjukuu, ambaye ameanza shule, alimpanda babu mapajani na kumuuliza, "Babu, wewe unafanya kazi gani?" Marashi akavuta pumzi. Kabla hajasema kitu, binti yake akajibu kutoka jikoni, haraka haraka, kama mtu anayekimbilia kushika kikombe kinachoanguka, "Babu anafanya kazi umeme."

Kesho yake alikuja maabara na kuketi kwenye stuli yangu, jambo ambalo huwa silikubali. Alikuwa amesikia kwamba mimi ndiye ninayeandika wasifu huu. Nilitegemea aniombe nimvishe kilemba cha ukoka kama wastaafu wote wanavyoomba.

"Weka na ile siku," akasema.

"Ipi?"

"Unaijua. Ile niliyogeuka."

Nikamwambia kijitabu hiki kitasomwa na wakwe, na majirani, na wakubwa wote. Akasema ndiyo maana anataka siku ile iandikwe humo. Alimkana mtoto wake mbele za watu, na hawezi kwenda kumwomba radhi pembeni, jikoni, pasipo mtu. Alisema mtoto yule ameubeba uongo wake tangu akiwa mdogo, na sasa amemwona kwa macho yake akianza kumbebesha na mjukuu. Alisema anaona haya kuliko alivyopata kuona haya kwa tope lolote. Machozi yalimtoka, na safari hii hakusingizia klorini.

Kwa hiyo nimeandika. Sherehe itafanyika hapa hapa kituoni, kati ya matangi, jioni taa zinapoanza kuonekana. Tulimpendekezea ukumbi wa kukodi wenye feni, akakataa katakata. Majirani wamealikwa, na mwaliko wao unasema wazi Bwana Umeme anafanya kazi wapi. Mwalimu mkuu amealikwa, na amejibu kwamba atakuja bila leso. Bibi itakuwepo mezani, imewashwa taa yake, haijapanguswa.

Marashi, tunakushukuru kwa mitaro uliyozibua, kwa pampu ulizoziamsha zikiwa zimekata tamaa, kwa taa tunazotembea chini yake. Tunakuombea magoti yenye nafuu, usingizi usiokatizwa na king'ora cha tangi kujaa, miaka mingi na mama wa nyumbani kwako aliyekusitiri, na maji ya moto ya kutosha huko uendako, maana ya hapa umeyamaliza.

Nakala ya kwanza ya kijitabu hiki imepelekwa kwa binti yako kabla hatujamgawia mtu mwingine, na maneno yaliyobaki namwandikia yeye.

Mwanetu, njoo, na umlete mtoto. Baba yako atakuwa amesimama langoni chini ya taa, na buti zake na ovaroli, kabla ya kuoga. Ameniomba nikuombe jambo moja tu. Umwite tena, kwa sauti ile ile, mbele ya watu wote. Ataitika.